Fuso ya viazi iliyoendelea kugonga mbele hata baada ya kuwekwa shokabzoba mpya

Lori lenyewe ni Mitsubishi Fuso FH ya miaka ya 1990, ekseli mbili, springi za majani (mabamba ya chuma yaliyopangwa juu ya mengine) mbele na nyuma. Kazi yake ni viazi. Hupanda Mau Narok likiwa tupu au na mbolea, na hushuka kupitia Njoro hadi Nakuru limejaa magunia ya kilo 50. Shtaka lililoletwa gereji lilikuwa moja: mbele kushoto panagonga. Dereva, mzee aliyeshika usukani wa malori tangu enzi za Bedford, alikuwa ameshabadilishiwa shokabzoba zote mbili za mbele kwingine, na mlio haukupungua hata kidogo.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu njia iliyofuatwa kabla lori halijatufikia ndiyo inayofuatwa na wengi. Gari likigonga mbele, wa kwanza anasema shokabzoba, wa pili anasema bushi, ile pete ndefu inayovalishwa pini, wa tatu anasema kingpini, ile pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia, na kila anayetaja kitu anamtuma mwenye gari dukani kununua spea. Pesa zinakwisha kwa kubahatisha, na kile kilicholegea kinazidi kulika barabarani, mzigo ukiwa juu na dereva na tanboi wake, yaani msaidizi wake, wakiwa ndani ya kebini. Mlio una habari ndani yake. Ukiuliza vizuri, unajua kitu kinacheza kuelekea wapi kabla hujashika spana.

Tulianza kwa kumuuliza mzee.

“Mzee, inagonga ukiwa wapi?”

“Kila mahali, fundi.”

“Kwenye matuta?”

“Kwenye matuta inagonga, lakini hata kwa lami safi. Nikikanyaga breki, ko. Nikiondoa gari, ko tena.”

“Na ukirudi nyuma?”

“Nikirudi nyuma nisimame, hapo ndipo inagonga kabisa. Hata miguuni nasikia.”

Majibu hayo yalitosha kuiondoa shokabzoba kwenye orodha ya washukiwa. Shokabzoba imesimama karibu wima kati ya chasi na ekseli, na kazi yake ni kutuliza kupanda na kushuka. Ikiisha, au raba zake zikiliwa, utaisikia kwenye mashimo madogo na matuta, gari likiyumba kwenda juu na chini. Haiwezi kugonga mara moja tu kila unapoondoka na mara moja tu kila unaposimama kwenye lami iliyonyooka. Mlio wa namna hiyo, unaokuja pale nguvu inapogeuka kutoka mbele kwenda nyuma, unasema kuna kitu kinachotakiwa kuishikilia ekseli isisogee mbele wala nyuma, nacho hakishikilii.

Kwa ekseli ya lori kama hili, ule mti mmoja wa chuma unaotoka gurudumu moja hadi jingine, vitu vya kuishikilia hivyo ni vichache. Kuna pini ya jicho la springi lile lisilosogea, ambalo kwenye Fuso hii liko upande wa mbele. Kuna sentabolti, inayoyashika majani ya springi katikati na ambayo kichwa chake hukaa ndani ya tundu la ekseli. Na kuna yubolti, bolti zenye umbo la U zinazoibana springi na ekseli ziwe kitu kimoja. Shakeli, kiungo kinachobembea upande wa pili wa springi, imewekwa makusudi icheze, ili springi irefuke na kufupika gari likipita shimo. Shakeli ikiisha italia kwa njia yake, lakini si yenye kazi ya kuizuia ekseli isirudi nyuma.

Hata hivyo dereva anaweza kusikia vibaya, na kwenye lori la kebini inayoinamishwa mbele masikio hudanganywa kwa urahisi sana. Kebini ya Fuso inakaa juu kabisa ya ekseli ya mbele. Inageukia bawaba upande wa mbele na kufungwa nyuma kwa kufuli lenye raba. Raba hizo zikiisha, kebini nzima huruka kidogo kila breki ikikanyagwa, na dereva ataapa kwamba ni springi. Kwa hiyo kabla ya kulala chini ya gari tuliitikisa kebini kwa mikono, injini imezimwa, mtu mmoja akiwa ameweka kiganja kwenye kufuli na mwingine kwenye bawaba. Palikuwa na uchezo kidogo wa kawaida, na hapakuwa na mgongano.

Usukani ulifuata. Magurudumu yakiwa chini na injini ikiunguruma ili pawa ya usukani ifanye kazi, mzee aliuchezesha usukani kushoto na kulia kidogo kidogo huku kidole kikiwa kimewekwa juu ya kila kiungo, kimoja baada ya kingine: mkono unaotoka kwenye boksi ya usukani, kisha tairodi, fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele, mwisho wa kulia na wa kushoto. Kiungo kilichokufa unakihisi kwa kidole kabla jicho halijaona chochote. Vyote vilikuwa vizima.

Kingpini na beringi za magurudumu hupimwa pamoja, na ni hapa watu wengi huchanganya mambo. Ekseli inainuliwa kwa jeki, gurudumu linashikwa juu na chini, linasukumwa ndani na kuvutwa nje. Ukisikia linacheza, mwambie aliye ndani akanyage breki na uendelee kusukuma. Uchezo ukipotea, ni beringi, kwa sababu breki imeifunga dramu na sahani yake ya nyuma ziwe kitu kimoja. Ukibaki, ni kingpini. Kushoto, ambako mlio ulidaiwa kutoka, hapakuwa na kitu. Kulia kulikuwa na uchezo mdogo uliobaki breki ikiwa imekanyagwa. Tuliuandika na kuuacha, maana kingpini haigongi kwa namna aliyoieleza mzee.

Kulibaki swali la breki zenyewe. Viatu vya breki ndani ya dramu huweza kusogea na kutoa ko moja unapobadilisha mwelekeo, na mlio huo unafanana sana na wa springi iliyolegea. Namna ya kuvitenganisha ni kuisukuma ekseli bila kugusa breki. Tuliweka kabari kubwa za mbao mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, tukaachia hendibreki, na mzee akaweka gia ya kwanza na kuachilia klachi polepole hadi magurudumu yakaegemea kabari. Kisha rivasi, vivyo hivyo. Hakuna mtu anayesimama mbele wala nyuma ya lori wakati wa jaribio hili, na hakuna anayeingia chini. Simu ya tanboi iliwekwa juu ya tofali kando, ikirekodi jicho la mbele la springi ya kushoto.

Ko ilitoka mara ya kwanza tu klachi ilipoachiliwa, breki haijaguswa. Viatu vya breki vikawa vimetoka kwenye kesi. Na kwenye video, tulipoipunguza mwendo, kila kitu kilionekana wazi: jicho la springi lilisogea nyuma, pini ikabaki palepale kwenye brakete yake, halafu jicho likarudi kwa kishindo. Nafasi iliyofunguka kati ya pini na jicho ilikuwa kubwa kiasi cha kuona mwanga upande wa pili.

Nikifika hapo huwa najizuia nisikimbilie dukani, kwa sababu tulikuwa na jambo jingine ambalo pini haikulieleza. Mzee alikuwa amesema kwa kupita tu kwamba siku hizi lori linavuta kushoto, hasa akishuka kutoka Mau Narok na breki imeshikwa kwa muda mrefu. Tulipima kwa utepe umbali wa katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele hadi katikati ya habu ya nyuma, usukani ukiwa umenyooka, kila upande. Kushoto kulikuwa kufupi kwa zaidi ya sentimita moja. Gari huelekea upande ambao ekseli zimekaribiana, kwa hiyo kuvuta kushoto kulipata maelezo. Lakini uchezo wa ile pini ulikuwa milimita chache. Sentimita nzima haiwezi kutoka kwenye pini peke yake, maana yake kulikuwa na kosa la pili lililojificha nyuma ya la kwanza.

Tuliangalia pale springi inapokalia ekseli. Chini ya yubolti za kushoto kulikuwa na unga mwekundu mkavu, kama poda, umetapakaa kuzunguka kikalio cha springi. Unga huo hutokea pale vyuma viwili vilivyotakiwa kubanana vinaposuguana. Pembeni yake palikuwa na mstari wa chuma unaong’aa mahali springi ilipokuwa ikiteleza. Nati za yubolti zilikubali kuzunguka kwa spana bila kipande cha bomba cha kuongeza nguvu. Na tulipozifungua, sentabolti ilikuwa imekatika, kichwa kikiwa kimebaki ndani ya tundu la ekseli na mwili wake kati ya majani. Kilichokuwa kikiishikilia ekseli upande wa kushoto kwenye lori lenye tani za viazi, likishuka mteremko, ni msuguano wa yubolti zilizolegea.

Hali hii ndiyo inayonisumbua kuliko mlio. Pini iliyoisha itagonga kwa muda mrefu kabla ya kuleta maafa. Ekseli inayoteleza chini ya springi inaweza kujipinda ghafla breki ikikanyagwa kwa nguvu, na hapo dereva hana la kufanya na usukani.

Sababu ya yubolti kulegea ilionekana juu ya springi yenyewe. Upande wa kushoto ulikuwa umeongezwa jani moja, kwa kuwa ulikuwa umeanza kulala. Kulia hakukuongezwa. Yubolti zilikuwa zilezile za zamani, na kwa kuwa springi sasa ilikuwa nene zaidi, uzi wa yubolti ulikuwa umeishia ndani ya nati, haukutokeza nje. Majani mapya yanapokutana na ya zamani hayakai sawa mara moja. Rangi, kutu na vumbi vilivyo katikati yao husagika gari likianza kubeba, bunda la springi linapungua unene kidogo, na yubolti iliyokuwa imekaza inabaki imelegea bila mtu kuigusa. Ndiyo maana yubolti hukazwa upya baada ya kilomita 500 hadi 1,000 za kwanza. Hizi hazikurudiwa. Zikalegea, sentabolti ikaanza kubeba nguvu ambayo haikuumbwa kuibeba, ikakatika.

Pini nayo ilikuwa na historia yake. Mzee alikasirika kidogo tulipomwambia pini imekauka.

“Fundi, hii gari napaka grisi kila wikendi. Muulize huyu kijana.”

Alikuwa anasema kweli. Nipeli ya nje, ule mdomo mdogo wa kuingizia grisi, ilikuwa safi, na brakete yote imezungukwa na grisi mpya. Tulimwomba tanboi aweke bomba la grisi na kusukuma kama afanyavyo siku zote, na sote tukaangalia kwa makini. Alisukuma, mpini ukawa mgumu, kisha grisi ikatokeza kati ya mdomo wa bomba na nipeli. Akaipangusa kwa kitambaa akataka kuhamia nyingine. Kwenye ncha za bushi, ambako grisi ilipaswa kutokea, hakikutoka kitu.

Ilipong’olewa, pini ilijieleza yenyewe. Ndani yake kuna tundu linaloanzia kwenye nipeli na kwenda katikati, halafu tundu jingine linalokata upande kuipeleka grisi kwenye uso wa pini. Tundu hilo la pili lilikuwa limezibwa na kitu cheusi kigumu kiasi cha kuhitaji waya na nyundo ndogo kukitoa. Ni grisi ya zamani iliyokauka na kuchanganyika na vumbi. Udongo wa pande hizi una majivu mengi ya volkano, laini kwa kuangalia lakini mkali kwa chuma, na ukiingia kwenye grisi unageuka kuwa dawa ya kusaga. Upande wa chini na wa mbele wa pini, ule unaobeba uzito na nguvu ya breki, ulikuwa umelika mpaka ukingo wake ukashika kucha. Upande wa juu ulikuwa bado na alama za mashine ya kiwandani. Bushi ilikuwa na umbo la yai.

Nasisitiza jambo hili kwa kila dereva na kila tanboi: grisi iliyo kwenye nipeli haijafanya kazi yoyote. Inafanya kazi pale inapotokeza mwisho mwingine, ikiisukuma ile chafu itangulie na kufuatiwa na safi. Pini ikikataa, inua chasi kwa jeki upande huo, weka stendi, uache ekseli ining’inie, halafu jaribu tena. Uzito ukiwa juu yake, pini imebanana na bushi upande mmoja na grisi haina pa kupita. Ikikataa hata hapo, badilisha nipeli. Ikikataa bado, pini inatoka, hata kama ni jioni na kesho kuna mzigo.

Kwenye matengenezo yenyewe sina mengi ya kueleza, ila machache yanafaa kutajwa. Mwenye lori aliuliza kama pini ya zamani inaweza kujazwa kwa kuchomelewa kisha ikakatwa kwenye leithi, mashine ya kuchongea chuma, kwa kuwa kuna mafundi hodari wa kazi hiyo mjini. Nilikataa. Pini hizi ni ngumu usoni na laini kidogo ndani ili zisikatike, na joto la kuchomelea huharibu vyote viwili. Bushi ya brasi iliyokatwa na fundi wa leithi mwenye vipimo sahihi ningeikubali, kwa sababu inatosha kuwa na duara kamili na tundu la grisi mahali pake. Dukani tulipata bushi na pini za saizi yake, kwa hiyo hatukuhitaji.

Bushi iliingizwa kwa presi, si kwa nyundo, kisha ikapanuliwa kwa rima mpaka pini ikaingia kwa kusukumwa na mkono ikiwa na grisi. Springi za pande zote mbili zilishushwa. Jani lililoongezwa liliondolewa, yale yaliyolala yakabadilishwa ili kushoto na kulia kuwe na idadi na unene uleule. Sentabolti mpya, yubolti mpya pande zote, urefu unaoacha uzi utokeze nje ya nati. Vikalio vilikwanguliwa hadi chuma, na kichwa cha sentabolti kilihakikishwa kimekaa ndani ya tundu lake kabla nati yoyote haijakazwa. Yubolti zilikazwa kwa kupishana, kidogo kidogo, na mkazo wa mwisho kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, ulifanywa magurudumu yakiwa chini na uzito ukiwa juu ya springi. Baada ya hapo tulipima tena habu hadi habu, pande zote zikalingana, kisha wili alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu.

Pini ya kulia ilipokea grisi kama inavyotakiwa. Shokabzoba mpya zilibaki. Hazikuwa na kosa, na zile zilizotolewa pengine hazikuwa na kosa pia.

Tuliongea na mwenye lori kuhusu mzigo, kwa sababu jani halikuongezwa bure. Sheria ya udhibiti wa uzito ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, na ukipita mizani ya Gilgil chini ya hapo hutaguswa kwa ajili ya ekseli hiyo. Lakini kipimo hicho kinalinda lami. Springi, pini na ekseli za lori hili zina uzito wao ulioandikwa na mtengenezaji kwenye kibati, na huo ndio unaoamua nini kinakatika. Viazi vikirundikwa mbele karibu na kebini, ekseli ya mbele hubeba kupita kiasi hata jumla ya mzigo ikiwa halali. Mzee alisema wapakiaji huanzia mbele kwa sababu ni rahisi. Sasa magunia ya mbele yanapangwa tabaka moja pungufu.

Tulitoka naye kwa majaribio hadi Njoro na kurudi. Kwenye lami, breki na kuondoka, kimya. Kwenye matuta, mlio wa kawaida wa lori tupu. Usukani ulinyooka hata alipouachia kidogo.

Lori lilirudi baada ya safari zake za kwanza na mzigo ili yubolti zikazwe. Za kushoto zilikubali karibu robo mzunguko, za kulia pungufu ya hapo, na rangi tuliyoichora kukatiza springi na kikalio haikuwa imesogea. Kilichobaki ni kingpini ya kulia. Uchezo wake uko ndani ya kiwango cha mtengenezaji, inapokea grisi ekseli ikiwa imeinuliwa, na mwenye lori amekubali ifunguliwe msimu wa viazi ukipungua.